Kuvuta maji mtaani baada ya kijiji kumezwa na jiji: shajara ya mradi, Dodoma 2023–2024

14 Mei 2023: tunaanzia wapi

Naandika hii ili mtaa mwingine ukitaka kufanya kama sisi usirudie ujinga wetu. Tuko pembezoni mwa Jiji la Dodoma, upande wa Bahi, ukitoka mjini unaacha lami unakula vumbi mpaka uone mibuyu. Zamani tulikuwa kijiji kabisa, tuna halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu, mhuri wetu, ardhi tunagawa wenyewe. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 tukapiga kura tukiwa tayari ni mtaa. Hatukuhama hata hatua moja, jiji ndo limetufuata.

Na lilikuja kwa kasi. 2016 serikali ikatangaza inahamia huku, Mei 2017 CDA, mamlaka iliyokuwa inapanga mji na kugawa viwanja, ikavunjwa, Aprili 2018 manispaa ikawa jiji, basi watu wakamiminika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956, ya 2022 ikahesabu 765,179. Hao wote lazima walale mahali, na mahali penyewe ndo kwetu.

Ukiniuliza nini kilibadilika tulipokuwa mtaa, cha kwanza ni bei. Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, mjini tangu Januari 2022 ni 320,960 kama huhitaji nguzo, ukihitaji nguzo unapanda zaidi. Ng'ambo ya korongo kuna kijiji cha wilaya nyingine, nyumba za tembe kama zetu, mbuzi wanachanganyika na wa kwetu, wao wanalipa 27,000. Kodi ya jengo nayo inakatwa kwenye Luku, yani umeme wa kulipia kabla, 1,000 kila mwezi. Maji? Dumu la lita 20 ni 500, linaletwa kwa punda au baiskeli. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yani madumu 50, kwa hiyo sisi uniti moja tunainunua 25,000. Hiyo hesabu niliiandika ubaoni kwenye mkutano wa mtaa, watu wakanyamaza kwanza, afu ndo kelele zikaanza.

Kamati ya watu saba ikaundwa siku hiyo hiyo. Mimi nikapewa ukatibu kwa sababu nina simu yenye kamera nzuri, sababu nyingine sizijui.

9 Juni 2023: barua iliyorudi

Kosa la kwanza, na halikuhitaji hata jembe. Tuliandika barua kwa mtindo wa kijiji: "Sisi wananchi kwa mkutano wetu mkuu tumeamua..." tukaipeleka moja kwa moja mamlaka ya maji. Ikarudi.

Kumbe mtaa siyo kijiji kilichobadilishwa jina. Kijiji kinasimama kwenye Sheria Na. 7 ya 1982, kikishaandikishwa kina nguvu yake kisheria, kinaweza kuingia mikataba, kutunga sheria ndogo, na ardhi yake inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria Na. 5 ya 1999. Mtaa uko kwenye Sheria Na. 8 ya 1982, ya mamlaka za miji. Una mwenyekiti na kamati, ila hauna ardhi wala mkataba wa kusaini. Maamuzi ya ardhi na barabara yako kwa jiji. Sisi bado tulikuwa tunaongea kama wenye nyumba wakati tumeshakuwa wapangaji, ndo lugha niliyotumia kuwaelewesha wazee na hawakuipenda.

Tulichofanya: muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye orodha ya mahudhurio na sahihi, barua ya mwenyekiti wa mtaa, ikagongwa mhuri kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani, ndo ikaenda. Wiki tatu tukajibiwa. Gharama ni nauli na nakala, nilitoa mfukoni.

2 Julai 2023: vipimo na makubaliano

Fundi sanifu wa mamlaka ya maji alikuja na kifaa cha kupimia mwinuko, tukatembea naye kutwa. Kutoka bomba kubwa la barabarani hadi nyumba ya kwanza ni mita 900, kutoka hapo mpaka mwisho wa mtaa mita 1,200. Makubaliano: mamlaka inaleta bomba la milimita 90 kwa zile 900 pamoja na usimamizi, sisi tunachimba mtaro wote wa mita 2,100 na tunanunua bomba la milimita 63 kwa zile 1,200. Kila kaya baadaye italipia mita yake ya maji kwa kontrol namba, yani namba ya malipo ya serikali, hiyo haiingii kwenye hesabu zangu.

Kaya 62 zikajiandikisha, mchango 150,000 kila moja. Hapa tukakosea tena kidogo, wiki mbili za kwanza hela ilikuwa inatumwa kwenye simu ya mweka hazina, hakula hata senti, lakini maneno yalivyokuwa yanatembea huko kwenye pombe za kienyeji ungedhani kajenga ghorofa. Tukafungua akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na kila Jumapili orodha ya waliolipa inabandikwa mlangoni kwa mwenyekiti na kupigwa picha inaingia grupu la wasap. Maneno yakaisha, na waliokuwa hawajalipa wakaanza kulipa kwa aibu. Kama unaanza, anza hivyo siku ya kwanza.

6 Agosti 2023: kuchimba

Kila kaya ilipewa mita 34, kina sentimita 90, upana jembe moja na nusu. Kusimamia mtaro ni kazi. Watu wengine walichimba sentimita 40 wakafukia juujuu na majani ili ionekane imeisha, mmoja alituambia kwake udongo ni "mfupi". Dawa ilikuwa fimbo yenye alama nyekundu kwenye 90, anatembea nayo mama mmoja wa kamati ambaye haogopi mtu, fimbo isipozama mpaka alama jina lako linabaki ubaoni.

Sehemu ngumu ni mwamba. Dodoma ni nchi ya mawe, na njia yetu inapita kando ya kilima. Mita kama 60 hivi jembe linaruka linatoa cheche. Wazee wakasema tuchome moto juu ya jiwe afu tumwagie maji lipasuke, tukajaribu, limepasuka kipande cha ukubwa wa kikaango, na maji tuliyomwaga ni ya 500 kwa dumu. Tukakodi kompresa ya kupasulia mawe, 350,000 kwa siku, siku tatu, jumla 1,050,000. Inauma ila tukaona imeisha. Nakuomba uikumbuke hiyo hela.

19 Agosti 2023: siku mbaya kuliko zote

Fundi sanifu alirudi kukagua, safari hii kaja na mtu wa mipango miji mwenye mchoro kwenye tableti. Wakasimama juu ya mtaro wetu wakatazamana. Nikajua kuna kitu.

Sisi tulichimba tukifuata njia. Njia ileile tuliyopita tangu utoto, inayotoka barabarani, inazunguka kilima, inapita kwa balozi wa nyumba kumi, inashuka korongoni. Haikutujia hata siku moja kuuliza kama jiji linaijua hiyo njia. Jiji haliijui. Eneo letu lilishapangwa, barabara ya mtaa ya mita 15 imechorwa imenyooka, na njia yetu kwenye mchoro ni viwanja, bloku nzima, vingine vina wenyewe tayari wenye hati ambao hatujawahi kuwaona. Mita 640 za mtaro wetu zilikuwa zinapita katikati ya viwanja vya watu, pamoja na zile 60 za mwamba. Bomba haliwezi kulazwa hapo, kesho mwenye kiwanja anachimba msingi analikata.

Mchoro ulikuwepo ofisini muda wote, hakuna aliyetuficha, hatukuuliza tu. Ile 1,050,000 ya kompresa ikawa imezikwa kwenye shimo ambalo halina kazi.

Na pale barabara ya kweli inapopita ni katikati ya shamba la zabibu la mzee mmoja ambaye hakujiandikisha kwenye mradi. Hakuwa mbishi wa bure. Wazee wa huku wanakumbuka miaka ya CDA, ikija bikoni, lile jiwe la mpaka la wapimaji, shambani maana yake umeshaanza kuondoka. Alikuwa na bikoni mbili shambani kazifunika na matandazo ya mabua ili asizione.

Tulienda kwake watu wanne, asubuhi, tukamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akaitikia bila kuinuka. Tukamweleza. Akasema, "Wanangu, hiyo njia yenu mliyochimba waliitengeneza ng'ombe wa babu yangu wakienda kunywa. Ng'ombe hajui kunyoosha. Sasa mmekuja na ya kwenu iliyonyooka, inapita kwangu." Tukakaa. Mwenyekiti wetu, kijana wa makamo, alikuwa na haraka akaanza kumwelezea sheria ya mipango miji, mama wa fimbo akamkanyaga mguu. Tuliondoka bila jibu.

10 Septemba 2023: tulivyojinasua

Imechukua safari nne kwa mzee. Naweka hapa tulichokubaliana maana watu wengi wameniuliza.

Kwanza tulilipa mpima binafsi 300,000 aje aonyeshe kingo za barabara kwa vigingi, ili tujue ni mashina mangapi hasa yanaguswa. Kwenye mchoro barabara inakula kipande kikubwa, lakini bomba halihitaji mita 15, linahitaji ukingo mmoja tu. Tukihamia ukingo wa kaskazini yanaguswa mashina 14. Tukamlipa 20,000 kwa shina, 280,000, kwa kuandikishana kwa mtendaji, na tukasubiri avune kwanza, zabibu za msimu huo zilikuwa karibu kuisha. Barabara yenyewe ikija na fidia yake hiyo ni kati yake na jiji, tumeandika wazi kwamba malipo yetu hayaigusi haki yake hiyo. Hicho kipengele ndo kilimlainisha, siyo hela.

Kwa anayefuata nyuma yetu, hii ndo hatua ambayo ningeiweka ya kwanza kabisa kabla hata ya barua. Nenda ofisi ya ardhi na mipango miji ya halmashauri yako na jina la mtaa, omba kuona mchoro wa eneo, piga picha kama wanaruhusu, rudi na mtu anayejua kuusoma mtembee nao chini. Ukiwa kijiji njia ilikuwa ni pale watu wanapopita. Ukishakuwa jiji njia ni pale ilipochorwa hata kama sa hivi ni shamba.

Tukachimba upya 640. Mahudhurio yalishuka nusu, sikulaumu mtu, hata mimi mgongo ulikataa. Udongo wa upande huo ni tifutifu mwekundu, hauna mwamba hata kokoto. Sisemi kitu.

8 Oktoba 2023: bomba la bei rahisi

Hili kosa ni langu mwenyewe nalibeba. Tulihitaji roli 12 za mita 100. Duka moja mjini likatupa bei 390,000 kwa roli wakati kwingine ni 560,000, rangi ileile nyeusi yenye mstari wa bluu, nikanunua nne haraka haraka kabla hazijaisha. Fundi sanifu akasoma maandishi pembeni ya bomba: PN 6. Tulitakiwa PN 10.

Maelezo yake nayaweka kama nilivyoelewa. Namba hiyo ni presha ambayo bomba linavumilia, kwa baa, siyo baa ile ya kunywa. Kila mita 10 za mwinuko kutoka usawa wa maji kwenye tanki mpaka ulipo ni baa moja. Nyumba za chini kule korongoni ziko zaidi ya mita 70 chini ya tanki. Mchana watu wakifungua koki presha inapungua, ila usiku wa manane kila mtu kafunga, maji yamesimama, bomba linabeba baa saba na zaidi, na PN 6 linaweza kupasuka wakati umelala. Juu kilimani ni kinyume chake, presha ndogo, kwa hiyo huko ungeweza kutumia hata dhaifu lakini usichanganye, mtu atakuja kuunga baadaye bila kujua.

Duka lilipokea roli tatu, moja nilishaikata mita 8 kwa majaribio ikabaki kwetu. Hasara 390,000 ya roli na 60,000 ya gari la kurudisha. Ile roli tumempa yule mzee anamwagilizia zabibu zake kutoka kisimani, presha ya pale ni ndogo inatosha. Ndo siku aliyojiandikisha kwenye mradi. Roli 12 sahihi zimegharimu 6,720,000.

Kabla sijasahau, kodi ya jengo kwenye Luku tangu Julai imekuwa 1,500 kwa mwezi. Jiji linaendelea kutufikia.

12 Desemba 2023: mvua

Tulijivuta. Mtaro ulikuwa wazi karibu wote tukisubiri viungio, na mwaka huu ni wa El Nino. Dodoma tunajisahau maana nchi ni kavu miezi saba, ikinyesha inanyesha mara moja. Usiku mmoja mita kama 200 zimebomoka, nyingine zikawa mto, na ndama wa jirani akatumbukia akavunjika. Tumelipa 350,000, mwenye ndama alitaka 500,000.

Kuanzia hapo utaratibu ni mmoja tu: mita 100 zinasafishwa, bomba linalazwa juu ya udongo laini uliochekechwa, linafukiwa sentimita 30 za kwanza kwa mkono bila mawe, afu ndo linajazwa, siku hiyo hiyo. Maungio tu ndo yanabaki wazi mpaka yapimwe. Ingekuwa hivyo tangu mwanzo ndama angekuwa hai.

27 Januari 2024: kupima presha

Viungio, valvu na vikorokoro vingine 1,180,000, fundi wa kuunga 400,000. Tukajaza maji, pampu ya mkono ikapandisha mpaka baa 10, tusubiri saa mbili isishuke. Dakika kumi ikashuka mpaka 7. Tukatafuta uvujaji siku nzima, maungio yote makavu. Tukapandisha tena, ikashuka tena.

Tatizo halikuwa uvujaji, ilikuwa hewa. Tulijaza kwa kasi kutoka chini na valvu ya mwisho kule kilimani ilikuwa imefungwa, hewa ikakwama juu, hewa inabonyezeka maji hayabonyezeki, kwa hiyo mshale unacheza. Tukafungua mwisho, tukajaza taratibu, ikapiga miluzi kama nusu saa, watoto wamefurahi kuliko siku ya sikukuu. Ya pili ikashuka kidogo tu na safari hii kweli lilikuwa ungio, tulilijua kwa sababu mbwa walikuwa wamejipanga wanalamba.

2 Machi 2024: maji

Yametoka saa nne usiku. Yalianza mekundu, yakawa meupe kama maziwa, yakatakata.

Mita ziliwekwa kwa mafungu. Ucheleweshaji mmoja wa ajabu: waliokuja kufunga walikuwa na fomu zenye anwani za makazi, zile namba na majina ya barabara yaliyobandikwa 2022. Kibao kipo ukutani lakini hakuna anayelijua jina la barabara yake, sisi tunajua "kwa balozi", "mbuyu mkubwa", "kwa fundi saa". Walizunguka asubuhi nzima wakiulizia barabara ambayo walikuwa wamesimama juu yake. Ikabidi mtoto wa darasa la tano atembee nao akisoma vibao.

Maji ni ya mgao, sa hivi tunapata usiku wa siku mbili kwa wiki, kwa hiyo kila mtu sasa anahangaika na tanki. Usimwambie mtu kwenye kampeni yako kwamba yatatoka kila saa, tuliwaambia na wanatukumbusha. Kwa wasioweza mita kuna kioski kimoja, dumu moja shilingi 50. Wenye punda wawili wamehamia mtaa wa mbele ambako bomba halijafika.

20 Aprili 2024: hesabu

Bomba 6,720,000. Kompresa 1,050,000. Roli isiyo sahihi na usafiri wake 450,000. Ndama 350,000. Viungio 1,180,000. Fundi 400,000. Zabibu 280,000. Mpima 300,000. Jumla 10,730,000. Kaya 58 kati ya 62 za mwanzo zililipa kamili, 8,700,000, pengo tukalibeba kwa mkopo wa dukani mpaka zikaingia kaya 14 zilizosubiri waone maji kwanza, 2,100,000. Imebaki 70,000, tumenunulia kufuli na mfuniko wa chemba.

Kompresa, roli na ndama ni 1,850,000 ambazo zisingetoka kama tungeangalia mchoro, tungesoma maandishi kwenye bomba na tungefukia mapema. Zigawe kwa kaya 72 uone.

Kinachofuata: tumeomba greda lipitishwe kwenye barabara ya kwenye mchoro ili iwe barabara. Bomba letu liko kwenye ukingo wa kaskazini, sentimita 90, na nimepanda mawe yaliyopakwa rangi nyeupe kila mita 50 dereva ayaone. Jana nilipita kukagua nikakuta mawili hayapo. Nimeambiwa mbuzi, nimeenda kuangalia kwenye msingi wa nyumba mpya ya jirani.